Vipuri Chini ya Kitanda cha Mama

Nyumba yetu ya mtaa wa Manyatta, Kisumu, ilinuka mafuta ya taa na samaki. Mafuta yenyewe hayakuwa ya kuwashia taa wala jiko. Yalikuwa yale ambayo baba aliyamimina kwenye karai la mama la kufulia ili aoshee vyuma vya gari. Ukirudi kutoka shuleni jioni ulimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, karai liko katikati ya magoti, anasugua kabureta kwa mswaki mkuukuu huku akipiga mbinja wimbo wa kanisani. Wakati mwingine mswaki haukuwa mkuukuu, na mmoja wetu aligundua hilo asubuhi yake. Nyuma ya nyumba mama alikuwa akikaanga samaki, ngege waliokosa mnunuzi sokoni, na moshi wake ulipitia mlango wa nyuma ukakutana sebuleni na ule mvuke mkali wa mbele. Harufu hizo mbili zilishikamana na mapazia, na magodoro, na sare zetu za shule. Darasani, msichana niliyeketi naye aliweza kunigeukia na kuniambia bila kuuliza chochote, "Gari lenu limekufa tena." Alijua kwa pua. Na kwa kweli mara nyingi lilikuwa limekufa.

Baba alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda kimoja mjini Kisumu, mtu wa kalamu mbili mfukoni na viatu vinavyong'aa. Katikati ya miaka ya themanini kiwanda kikapunguza watu, naye akaondoka na kiinua mgongo chake ndani ya bahasha. Wenzake walinunua viwanja, wengine ng'ombe. Baba alipanda basi hadi Kericho, akarudi kesho yake akiendesha pikapu ya rangi ya maziwa yaliyoganda, taa moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama mashamba. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia kwamba injini hiyo ni chuma kitupu, kana kwamba injini nyingine zinatengenezwa kwa unga. Majirani walikuja kushika boneti. Sisi watoto, yaani dada yangu Akinyi, mimi Atieno, na kaka yetu mdogo Ouma ambaye bado alitambaa, tulipandishwa nyuma na kuzungushwa hadi Kondele na kurudi, baba akipiga honi kwa kila mtu anayemjua na kwa wengine ambao alitumaini watamjua.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililonichosha miaka yote niliyoufikiria. Mama alikuwa akiuza samaki sokoni Kondele. Kwa miaka mingi alikwenda Asembo Bay alfajiri kuwangoja wavuvi ufuoni, akalipia nafasi kwenye lori la watu, na lori hilo lilipochelewa samaki wake walifika mjini wakiwa na macho mekundu na bei ya chini. Sasa tungekuwa na gari letu. Baba angeendesha, mama angenunua na kuuza, faida ya mwenye lori ingebaki nyumbani. Baba aliihesabu faida hiyo kwa sauti, amesimama katikati ya sebule kama mhubiri: toa petroli, toa barafu, toa bei ya samaki, kinachobaki ni chetu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na likiharibika?"

Baba alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Mama Akinyi, gari limefika leo. Leo hii hii unaliombea ugonjwa?"

Hakuwa akifanya mzaha. Baba aliamini, kwa namna ambayo hakuna mahubiri wala hasara iliyoweza kumng'oa, kwamba ukiliwekea balaa pesa, balaa litakuja kuzichukua. Mtu anayetenga fedha ya hospitali anajitafutia kitanda hospitalini. Kwa hiyo hatukutenga chochote. Gari lilipokuwa zima tuliishi kama watu wa mshahara mnono: nyama siku ya kawaida, mkate wenye siagi, soda za wageni, mchango mzito kwenye kila harambee ya kanisa, na jamaa wa baba waliokuja kusalimia wakarudi kwao na nauli na kitu cha ziada. Gari lilipoharibika, na halikuwa na adabu ya kungoja mwisho wa mwezi, tulianguka mara moja hadi kwenye uji usio na sukari. Redio iliuzwa ili tununue rejeta. Viti viwili vya sebuleni vilikwenda kwa breki, na baada ya hapo wageni waliketi kwa zamu. Kisha injini ilinguruma tena, baba akaimba, nyama ikarudi, na hakuna aliyezungumza tena juu ya viti. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, lakini nilikwisha kuchoka na gari lile kama mtu mzima anavyochoka na mlevi wa ukoo.

Kisha ukafika mwaka ambao Akinyi alimaliza darasa la nane.

Dada yangu hakuwa mtu wa kelele. Alisoma chini ya taa ya koroboi kwenye jiko la nyuma, mgongo wake ukiegemea gunia la makaa, na matokeo yalipotoka akaitwa kwenye shule ya bweni ya wasichana, shule ambayo walimu wetu waliitaja kwa kuinua nyusi. Mama alikuwa amejiandaa kadiri alivyoweza. Mwaka mzima alijinyima, akaacha kununua hata kitambaa cha kichwa, akaweka karo ya muhula wa kwanza kwa mama mmoja wa kanisani ambaye hakukopesha mtu wala hakubembelezeka. Mwanzoni mwa Januari sanduku la chuma la rangi ya buluu lilisimama karibu na kitanda chetu, jina la Akinyi limeandikwa kifunikoni kwa rangi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na blanketi, sabuni za mche, na sketi mbili zilizoshonwa kubwa ili akue ndani yake. Kila jioni Akinyi alikifungua kifuniko, akanusa ile harufu ya nguo mpya isiyokuwa na samaki, akakifunga.

Wiki ambayo angeripoti shuleni, giaboksi ilivunjika karibu na Holo. Barabara baada ya Kisian wakati ule ilikuwa vumbi na mawe, na pikapu ilikuwa imejaa samaki, mbuta wakubwa waliofunikwa kwa magunia na barafu. Wazazi wangu walikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali kabisa, barafu ikichuruzika kupitia mbao za nyuma na kuchora mto mdogo kwenye vumbi. Mama aliwasimamisha wenye magari akiwaomba wachukue hata nusu ya samaki. Hakuna aliyekuwa na nafasi. Kufika mchana alianza kuwauzia wapita njia kwa bei ya huruma, na kufika alasiri hata bei ya huruma haikumvutia mtu. Walivutwa hadi mjini na trekta. Nilikuwa nimesimama mlangoni walipoingia uani, nikaona mama akishuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akanywa maji.

Fundi wetu alikuwa Bwana Saidi, mtu wa maneno machache na kofia iliyofumwa kwa mkono, mwenye kibanda cha mabati Kondele na uwanja mweusi wa oili mbele yake. Alitaja gharama ya giaboksi. Sikuambiwa ilikuwa kiasi gani, ila niliuona uso wa baba, na nilijua nyumbani hakukuwa na redio ya kuuza wala viti.

Jioni ile walizungumza tukiwa wote ndani, kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na mahali pa kuzungumza bila kusikika.

"Karo ipo," baba alisema.

"Karo ni ya mtoto."

"Najua ni ya mtoto. Gari likipona, ndani ya wiki mbili nairudisha yote. Atachelewa kidogo tu. Nitakwenda mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu."

"Na lisipopona?"

"Sasa unataka nifanye nini, Mama Akinyi? Gari likilala, muhula wa pili utaulipa na nini? Na chakula?"

Hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Baba alikuwa sahihi. Kwa namna tulivyokuwa tumejipanga, yaani bila kujipanga kabisa, hakukuwa na njia nyingine. Kesho yake mama alikwenda kwa yule mama wa kanisani, akarudi na fedha ndani ya kanga, akaziweka mezani mbele ya baba na kugeuka. Akinyi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake. Alizitazama zikihesabiwa na kutiwa mfukoni, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna maji ya kuoshea vyombo.

Wiki mbili zilipita. Giaboksi ilifanya kazi vizuri sana, na rejeta ikapasuka. Rejeta ikazibwa, na tairi mbili zikafika mwisho wake kwa pamoja. Baba alikwenda kweli shuleni kuongea na mwalimu mkuu, amevaa koti lake la ukarani, akarudi akitabasamu na ahadi ya siku kadhaa zaidi. Siku hizo nazo zikapita. Katikati ya muhula nafasi ya Akinyi ikapewa msichana mwingine. Siku barua ile ilipofika Akinyi aliisoma mara moja, akaondoa nguo zake sandukuni moja moja na kuzining'iniza kwenye misumari ukutani pamoja na zetu. Mwezi uliofuata aliandikishwa kwenye shule ya kutwa mjini, akawa anatembea kwa miguu kwenda na kurudi. Baba alimwambia kwamba elimu ni ile ile. Akinyi alijibu, "Ndiyo, Baba," na tangu siku hiyo hakupanda tena pikapu ile, hata mvua ilipomnyeshea njiani na baba akasimama kumwita.

Mama naye akagoma. Alfajiri moja baba aliwasha gari, akalipasha moto, akapiga honi, mama hakutoka. Alipoingia ndani alimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua mchele kama mtu asiyekuwa na safari.

"Wavuvi wanafika ufuoni," baba alisema.

"Waache wafike."

"Unaumwa?"

"Mimi mzima. Sipandi gari lisilo na akiba. Mtoto wangu ameshalipa giaboksi. Sasa sijui ni nani atalipa kitakachofuata. Ouma?"

Baba alicheka, kisha alipoona hachekewi akakasirika, kisha akatoka na kwenda Asembo Bay peke yake. Alirudi na samaki aliouziwa na watu waliomjua kuwa hajui samaki. Mgomo ulidumu hadi Jumapili. Baada ya ibada, mbele ya chai isiyo na maziwa, mama alitoa masharti yake. Kila safari, kabla ya sukari na kabla ya mchango wa mtu yeyote, gari litoe fungu lake. Fungu la pili litoke kwa ajili ya nyumba: paa, dawa, na shida ambazo bado hazijapata jina. Mafungu yote mawili atayashika yeye. Baba alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kudanganywa bei ufuoni, lakini alikubali huku akitikisa kichwa kama mtu anayewaona wengine wakicheza na moto.

Shida ni kwamba fedha ndani ya nyumba yetu haikuweza kukaa. Mama alijaribu kopo, na baba mdogo Odhiambo akaja na habari za mtoto mgonjwa. Alijaribu mfuko wa unga, na kukawa na msiba Bondo. Kila aliyekuja alikuwa na shida ya kweli, na baba hakuwahi katika maisha yake kumwambia mtu kwamba hana huku akijua mke wake anazo. "Si ziko tu hapo," alisema. "Zinafanya nini?" Neno hilo lilimtia mama wazimu zaidi kuliko matusi. Kwa siku kadhaa alitembea akinong'ona peke yake, "Zinafanya nini! Zinafanya nini!" Halafu asubuhi moja akanichukua hadi Kondele, akapita maduka ya nguo na mafuta ya kula, akaingia duka la vipuri, mahali ambapo sikuwahi kumwona mwanamke akiingia. Akanunua mkanda wa feni.

"Gari lenu limekata mkanda, mama?" muuzaji aliuliza.

"Bado."

Kuanzia hapo fungu la gari halikulala ndani ya nyumba likiwa noti. Baada ya kila wiki nzuri mama alimuuliza Bwana Saidi ni kitu gani kinachokaribia kuchoka, naye alikitaja bila kucheka, na mama akakinunua. Plagi. Mipira ya rejeta. Pedi za breki. Diski ya klachi iliyotumika lakini nzima, imefungwa kwenye gazeti lenye grisi. Vyote viliingia chini ya kitanda chake, na fungu la nyumba likaingia ukutani nyuma ya kabati: mabati matatu, misumari, dumu la mafuta ya taa, madaftari. Hakuna jamaa aliyewahi kuja kwetu kuazima mpira wa rejeta ili akamtibie mtoto. Mama aliligundua hilo akiwa peke yake, na liliponijia akilini nikiwa mtu mzima nilicheka barabarani hadi watu wakanitazama.

Baba alidhalilika. Aliinama usiku kutafuta ndala zake akashika plagi. "Unalinunulia gari langu sanda kabla halijafa," alilalamika, na akawaambia wenzake kanisani kwamba analala juu ya gereji. Nami nilidhani, sasa angalau tumepumzika. Sikumjua baba vizuri. Mwezi wa tatu wa akiba hiyo alikutana njiani na mtu asiyemjua, gari lake la aina kama letu limekata mkanda, na ndani yake mke mjamzito akisaga meno. Baba aliliacha gari la mtu yule pale, akawapakia kwenye pikapu, akawapeleka hospitali, kisha akaja nyumbani, akaingia chini ya kitanda, na kumpelekea mwanamume yule mkanda wetu mpya. Hakuchukua hata senti. Mama hakuweza kumkemea kwa kumsaidia mwanamke mwenye uchungu, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angeweza. Wiki ile ile mkanda wetu ukakatika. Mama alisimama uani, mikono kiunoni, akatazama mbinguni kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta wa kumlaumu, kisha akaomba mkokoteni. Vipuri vyote vikahamia kibandani kwa Bwana Saidi, vikatundikwa ukutani kwa waya.

"Bwana Saidi," mama alimwambia mbele ya baba, "akija huyu mzee akasema nimemtuma, hajatumwa."

"Nimesikia, Mama Akinyi," Saidi alijibu, na kwa heshima ya mgeni wake akaitazama oili chini.

Mvua za vuli zikaanza kwa hasira mwaka ule. Upepo ulitoka ziwani alasiri moja, mweusi na wenye mchanga, tukiwa tumerudi shuleni. Tulisikia paa likigonga kama mtu anayepiga ngoma bila mpango, kisha likanyamaza, na mvua ikaanza kuingia juu ya meza. Mabati mawili ya upande wa jikoni yalikuwa yamekwenda kwa jirani. Baba alifika akiwa amelowa chapachapa na kwa miguu, kwa kuwa klachi ilikuwa imemalizikia Kisian na pikapu ilikuwa kando ya barabara. Nakumbuka alivyosimama mlangoni, maji yakitiririka ndani ya kola, akitazama anga kupitia jikoni kwetu. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya giaboksi. Nikamwona anageuza macho polepole kutafuta ndani ya nyumba kitu cha kuuza, na mara macho yake yakatua juu ya daftari za Akinyi zilizolowa na juu ya Akinyi mwenyewe aliyekuwa akizikusanya, na akayaondoa haraka.

"Klachi imeisha," alisema.

"Ipo," mama akajibu.

"Ipo wapi?"

"Kwa Saidi. Unaijua. Ulishailalia mwezi mzima. Na mabati yako nyuma ya kabati. Mvua ikipungua panda juu."

Baba alikaa kwenye kigoda. Hakupiga mbinja. Mvua ilipopungua alipanda, mama akampitishia mabati kutoka chini na mimi nikapitisha misumari, na kabla giza halijaingia jikoni kulikuwa kumefunikwa. Kesho yake Bwana Saidi alipokea malipo ya kazi ya mikono yake tu, akaifunga klachi, na keshokutwa yake wazazi wangu walikuwa ufuoni Asembo Bay. Hakuna kilichouzwa. Usiku ule tulikula ugali na omena kama siku nyingine yoyote, na mimi nilikuwa nikingoja mtu aseme kitu kikubwa, na hakuna aliyesema. Akinyi alikula, akamaliza, akaondoka mezani. Mimi nilielewa. Kama vipuri vile na mabati yale vingeanza kununuliwa mwaka mmoja mapema, angekuwa bwenini.

Ningependa kusema kwamba baba alimwomba radhi. Alichofanya, baada ya majuma machache, ni kusimama kanisani kwenye mkutano wa wanaume na kuwafundisha habari za akiba. Mama alihadithiwa na wake wa wenzake sokoni. Mzee wako ana hekima, walimwambia. Ametuambia mtu mwenye gari ni lazima anunue kipuri kabla hakijahitajika, na mwenye nyumba aweke mabati, na kwamba yeye amekuwa akifanya hivyo tangu alipoacha ukarani. Mama alirudi nyumbani akaliweka beseni lake chini, akatusimulia, na akaanza kucheka kicheko kilichokuwa karibu sana na kilio. "Tangu alipoacha ukarani!" alisema. "Watoto wangu, mmesikia?" Baba aliyekuwa chumbani alikohoa.

Pikapu ile ilitufikisha katikati ya miaka ya tisini, kisha ikauzwa vipande vipande. Baba na mama wanaishi Asembo sasa, wazee, na baba bado anaisimulia hadithi ya mabati kwa kila mgeni. Kila mwaka hekima yake inaongezeka na mama anazidi kupungua ndani ya hadithi, na hivi majuzi nilimsikia baba akisema kwamba aliuona upepo ule ukija tangu Januari. Akinyi akisikia hadithi inaanza huinuka na kwenda nje kuangalia kuku. Ana duka la vitambaa na nyavu Port Victoria, limemnyookea, na watoto wake wote wamesoma shule za bweni. Karo ya muhula ujao huilipa kabla shule hazijafungwa, na huiweka risiti ukutani kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Sijawahi kumuuliza kama alimsamehe baba. Humletea sukari na blanketi, humpeleka kliniki, lakini humpeleka kwa gari la kukodi, na yeye huketi nyuma.

Mimi nafundisha Kisumu na nina gari dogo ambalo si zima wala si bovu. Siku hizi akiba haihitaji kitanda. Inakaa kwenye simu, imefungwa kwa tarehe, na jamaa akija na shida namwonyesha kioo chake. Lakini simu hiyo hiyo inakopesha watu dakika yoyote, na walimu wenzangu, watu wenye digrii, hukopa kununua tairi, kisha hukopa kulipa ule mkopo, huku wakiniambia kwamba mimi nina roho ya wasiwasi na kwamba nitakufa niiache pesa hiyo. Nimekwisha kuacha kubishana. Nilimsikia mmoja wao akisema "gari likiharibika tutajua la kufanya," na ilinibidi nitoke nje ya chumba cha walimu.

Mwezi uliopita gari langu lilikata mkanda nikiwa Kondele. Fundi alikuwa kijana, alinitajia bei huku akijiandaa kunisikiliza nikilia, nami nikalipa, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa darasani. Nilitamani kumweleza mtu. Hakuna wa kumweleza. Shida isiyotokea haina msikilizaji. Jioni ile binti yangu aliomba fedha ya safari ya shule kwenda kuogelea, na nilipomwambia kwamba mwezi huu haiwezekani, kwamba kilichobaki ni cha tairi na cha paa, alipiga mguu sakafuni.

"Lakini Mama, tairi ni nzima! Na paa halivuji!"

"Najua."

"Sasa zinafanya nini?"

Nikamtazama. Alikuwa na sauti ya babu yake kabisa, na yeye hakujua. Aliingia chumbani akabamiza mlango, nikamsikia akilia, kilio kirefu chenye hasira cha mtoto aliyenyimwa maji ya kuogelea, ambaye kesho yake asubuhi angevaa sare aende shule yake. Akinyi hakulia siku karo yake ilipohesabiwa mezani. Aliuliza kama kuna maji ya kuoshea vyombo. Nilisimama jikoni na kisu mkononi nikikisikiliza kilio cha binti yangu hadi nilipohakikisha kwamba kina nguvu na kimeshiba, kisha nikaendelea kukata sukuma wiki.